Mstari wa video si mizani iliyopigwa muhuri

Mkulima wa viazi anayeuza kwa lumbesa anajua kuwa kinachomuumiza si bei bali gunia. Bei inaweza kutangazwa redioni ikawa nzuri kabisa, lakini gunia likijazwa hadi juu ya mdomo wake, faida yote inakwenda na kile kilichozidi. Ndiyo sababu sheria za vipimo Tanzania zikapiga marufuku lumbesa, na ndiyo sababu mizani ya sokoni inatakiwa iwe imepimwa na kupigwa muhuri.

Biashara ya matangazo ya video katika simu za mkononi imefika mahali hapo hapo, isipokuwa hakuna anayeliona gunia. Kinachoonekana ni mstari mwembamba chini ya picha, wenye kitone kinachosogea kutoka kushoto kwenda kulia kuonyesha video imefikia wapi. Kitone kikiteleza bila kukwama, mtazamaji huridhika, mwenye programu hujisifu, na mwenye fedha huamini kuwa kila sekunde inahesabiwa sawasawa. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Wafanyabiashara wadogo sasa ni wanunuzi wa kudumu wa sekunde. Mwenye duka la vitenge Kariakoo, au muuza vipodozi Mombasa, hulipia kipande cha video cha sekunde 30 na mwisho wa wiki huletewa taarifa: video imeonekana mara kadhaa, kila mtu ametazama kwa wastani wa sekunde kadhaa, na wangapi wamefika mwisho. Wawekezaji wadogo nao hushawishiwa kuweka akiba zao katika kampuni changa za programu za video, au kununua hisa za makampuni makubwa ya nje kupitia mawakala wa mtandaoni, kwa kuonyeshwa takwimu za aina hiyo hiyo. Takwimu hizo zote zinatoka chanzo kimoja na kile kitone. Anayetoa fedha bila kuuliza kitone kinasogezwa na nini, ananunua kwa lumbesa, na safari hii yeye ndiye anayepunjwa.

Suala lenyewe si gumu kama mafundi wanavyopenda lionekane. Ile sehemu ya programu inayocheza video hujua imefika wapi, mara nyingi kwa kufuata sauti iliyokwisha kutolewa, kwa kuwa sikio hugundua kasoro mapema kuliko jicho. Lakini haipigi kelele kila inaposonga. Katika simu za Android, programu nyingi hutumia zana za Google ziitwazo Media3, ambazo zamani zilijulikana kama ExoPlayer, na humo mtengeneza programu hulazimika kuuliza mwenyewe kila baada ya muda: umefika wapi? Katika iPhone anaweza kuagiza aarifiwe kila baada ya kipindi anachokitaja. Katika kurasa za intaneti, kanuni zinataka taarifa itolewe walau kila robo sekunde wakati video inacheza.

Kioo cha simu ya kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde. Kati ya hizo mara 60 na ile robo sekunde kuna pengo, na namna fundi anavyoliziba ndiyo inayotofautisha programu nzuri na mbovu. Uchukuliwe mfano wa mstari wenye upana wa nukta 360. Tangazo la sekunde 30 likichezwa, kitone kinatakiwa kusogea nukta 12 kila sekunde. Programu ikiuliza mara moja tu kwa sekunde, kitone kitaruka nukta 12 kwa mpigo, kama chura, na mtazamaji ataona simu yake ni mbovu au tangazo ni la wahuni. Lakini filamu ya saa mbili ikichezwa juu ya mstari huo huo, nukta moja inabeba sekunde 20. Programu inayouliza mara 60 kwa sekunde itakuwa imeuliza mara 1,200 ili kusogeza nukta moja. Ni sawa na kumtuma tarishi benki mara 1,200 kuulizia hundi moja kama imepita, na nauli ya tarishi huyo inalipwa na betri ya mteja.

Fundi mwenye akili hupanga maulizo kwa kufuata urefu wa video na upana wa mstari. Hizo zana za Google hufanya hivyo, na kwa kawaida mstari wake hauulizi mara nyingi zaidi ya kila milisekunde 200, isipokuwa mtengenezaji abadilishe. Wengine hutumia makisio. Programu huuliza mara moja, ikajibiwa kuwa video iko sekunde ya 10 na inakwenda kwa mwendo wa kawaida. Basi nusu sekunde baadaye huchora kitone kwenye sekunde 10 na nusu bila kuuliza tena. Android yenyewe hufuata njia hiyo kwa vidhibiti vinavyoonekana wakati kioo kimefungwa: programu inataja mahali ilipo, wakati wa taarifa hiyo na mwendo, na mfumo unajikadiria mengine. Hayo ni makisio halali kabisa, na ndiyo yanayofanya mstari uteleze kama mafuta.

Ubaya unakuja pale makisio yanapoingia katika hesabu. Mtandao ukikatika, video husimama na kile kiduara kinaanza kuzunguka. Mstari nao unatakiwa usimame papo hapo. Fundi aliyesahau kuusimamisha huuacha ukimbie sekunde mbili tatu mbele, kisha mtandao ukirudi unaruka kinyumenyume. Mtazamaji anaudhika kidogo na kusahau. Lakini kama taarifa ya muda wa kutazama inachotwa kwenye ule mstari uliochorwa, badala ya kuulizwa kwa mchezaji wenyewe wa video, sekunde hizo tatu ambazo hakuna aliyetazama chochote zimekwisha kuingia katika ankara ya mtu. Katika nchi ambazo kiduara kuzunguka ni jambo la kila siku, hizo si sekunde za kupuuza.

Kuna na suala la saa. Muda wa kutazama haufai kupimwa kwa saa ya ukutani ya simu, ile inayoonyesha saa na tarehe, kwa kuwa mwenye simu anaweza kuirudisha nyuma au mtandao ukaisahihisha wakati video inaendelea. Simu zina saa nyingine ya ndani ambayo haiguswi na mtu, inahesabu tu kwenda mbele. Programu inayotumia ile ya ukutani inaweza kutoa taarifa kuwa mteja ametazama tangazo kwa saa moja, au kwa muda ulio chini ya sifuri. Anayeletewa takwimu za namna hiyo asidhani ni bahati mbaya ya siku moja.

Mstari wa macho na daftari la fedha, kwa hiyo, ni vitu viwili. Wa kwanza una haki ya kukisia. La pili halina.

Tofauti hiyo inaonekana wazi zaidi kwa mtazamaji anayekivuta kitone kwa kidole. Mtu ametazama dakika mbili za mwanzo, akavuta hadi dakika ya 50, akatazama dakika moja, akatoka. Mstari unasema dakika 51. Mtu huyo ametazama dakika tatu. Mwingine ametazama kipindi cha dakika 60 kwa mwendo wa mara moja na nusu, akamaliza kwa dakika 40. Je, ahesabiwe dakika 60 za video au 40 za maisha yake? Wa tatu amerudia bao lile lile mara kumi. Hakuna jibu moja lililo sahihi kwa maswali haya yote, na si lazima liwepo. Linalotakiwa ni kwamba anayeuza aseme anahesabu kipi, na anayenunua ajue kabla ya kulipa.

Katika matangazo, wenye biashara hiyo walikubaliana zamani juu ya vituo, kama vya basi. Utaratibu uitwao VAST, ulioanza mwaka 2008, unaitaka programu itoe taarifa tangazo linapoanza, linapofika robo, nusu, robo tatu na mwisho. Ni utaratibu mzuri, lakini unamtegemea kondakta. Tangazo la sekunde 30 lina kituo cha kwanza kwenye sekunde ya saba na nusu. Programu inayouliza kila sekunde itauliza kwenye saba, kisha kwenye nane. Kama fundi ameandika kuwa taarifa itoke pale tu video inapokuwa kwenye saba na nusu kamili, basi halitasimama kituoni hata siku moja. Akiandika kwamba itoke pale video inapokuwa imekwisha kupita saba na nusu, anakuwa salama hapo, lakini aliyekivuta kitone hadi mwisho naye atahesabiwa kuwa amepita vituo vyote. Mstari mmoja wa maandishi ya programu unaweza kumpa mtangazaji wateja pungufu au wateja hewa, na yeye hataujua kamwe kwa kuangalia mstari wa kwenye kioo.

Wanaodhani haya ni mambo ya mafundi wadogo wa vichochoroni wakumbuke yaliyoikuta Facebook. Mwezi Septemba mwaka 2016 kampuni hiyo ilikiri kuwa kwa kiasi cha miaka miwili ilikuwa ikitoa wastani wa muda wa kutazama video uliozidi ukweli. Kampuni ya Publicis, ambayo hununua nafasi za matangazo kwa niaba ya wateja wakubwa, iliwaarifu wateja wake kuwa ziada hiyo huenda ilikuwa kati ya asilimia 60 na 80. Mitambo haikuharibika. Kilichokosewa ni kugawanya: muda wote uliotazamwa uligawanywa kwa idadi ya wale tu waliotazama zaidi ya sekunde tatu, huku waliopita mbio wakiachwa nje.

Hesabu yake ni ya darasa la nne. Watu 100 wameonyeshwa tangazo. Kati yao 60 wamelipita baada ya sekunde moja, na 40 wamelitazama kwa sekunde kumi kila mmoja. Jumla ni sekunde 460. Zikigawanywa kwa watu 100, wastani ni sekunde 4.6. Zikigawanywa kwa wale 40 tu, wastani unapanda hadi 11.5. Sekunde hazikuongezeka hata moja, lilibadilika gunia. Mfanyabiashara aliyeambiwa 11.5 atapeleka fedha zake kwenye video, na aliyeambiwa 4.6 huenda angebandika karatasi ukutani akauza zaidi.

Facebook ilisema kuwa kosa hilo halikuathiri kiasi ambacho watangazaji walitozwa. Hata hivyo watangazaji wadogo walifungua kesi huko California mwaka huo huo, wakidai baadaye kuwa ziada ilikuwa kubwa kuliko ilivyosemwa na kwamba kampuni ilijua mapema. Kampuni ilikanusha. Mwaka 2019 ilikubali kulipa dola milioni 40 ili yaishe, bila kukiri kosa. Hoja ya kwamba hakuna aliyetozwa zaidi ina ukweli wake, lakini haimsaidii aliyekwisha kuamua kwa kufuata takwimu hiyo. Vyombo vya habari huko Marekani vilipunguza waandishi wa makala na kuajiri wapiga video katika miaka hiyo hiyo, kwa imani kuwa wasomaji wamehamia kwenye video. Takwimu mbaya haihitaji kuingia kwenye ankara ili imfukuzishe mtu kazi.

Baada ya hapo mtu angetarajia soko zima likubaliane juu ya kipimo kimoja. Haikuwa hivyo. Kwa upande wa matangazo, baraza la Marekani linalosimamia vipimo vya vyombo vya habari lilikwisha kukubali mwaka 2014 kuwa tangazo la video lihesabiwe limeonekana ikiwa walau nusu ya picha ilikuwa kwenye kioo kwa sekunde mbili mfululizo. Mbili. Muuza viatu aliyetumia shilingi zake kutengeneza tangazo la nusu dakika ajue kuwa kwa kipimo hicho amekwisha kupata alichonunua kabla hata jina la duka halijatajwa.

YouTube nayo iliacha mwaka 2012 kuzipandisha video kwa kuhesabu tu zimefunguliwa mara ngapi, ikaanza kutazama zaidi muda uliotumika, kwa sababu watu walikuwa wakiweka picha za kuvutia juu ya video tupu. Ulikuwa uamuzi wa busara. Kisha tarehe 31 Machi 2025 ilibadili hesabu ya zile video fupi zake, ikawa kila inapoanza kucheza au kurudia ni mara moja, bila kiwango cha chini cha muda. Malipo kwa wenye video yaliachwa yafuate hesabu ya zamani, ile ya waliotulia kutazama. Kwa hiyo kuna hesabu mbili hadharani: kubwa ya kujitapia, na ndogo ya kulipana. Mwenye duka anayetafuta kijana wa mtandaoni wa kumtangazia bidhaa ataonyeshwa ile kubwa. Hakuna ubaya kuiomba ile ndogo.

Hao vijana nao wasionekane kuwa ndio wezi. Tangu mwaka 2018, anayetaka kugawana na YouTube mapato ya matangazo kwa njia ya video ndefu anatakiwa kuwa na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama kila anayefungua anatazama dakika tatu, ni lazima wafungue mara 80,000. Kwa mtu anayepika au anayechekesha akiwa Morogoro au Kisumu, kila dakika iliyopotea katika hesabu ni siku nyingine ya kungoja. Kipimo kikali kupita kiasi humwumiza huyu, kama kilivyo legevu humwumiza mtangazaji.

Kwa wenye hisa, Netflix ni somo la peke yake. Hadi mwaka 2019 kampuni hiyo ilikuwa ikimhesabu mtazamaji pale alipofikisha asilimia 70 ya filamu au ya sehemu moja ya tamthilia. Katika barua yake kwa wanahisa ya Januari 2020 ilibadili, ikasema atahesabiwa aliyechagua na kutazama walau dakika mbili, na ikaeleza yenyewe kuwa kipimo kipya kinatoa idadi kubwa zaidi kwa wastani wa kiasi cha asilimia 35. Mwaka 2021 ikahamia kwenye jumla ya saa. Mwaka 2023 ikaanza kugawanya saa hizo kwa urefu wa filamu. Vipimo vinne katika muda usiozidi miaka minne! Mwekezaji aliyelinganisha filamu ya 2019 na ya 2020 kwa idadi za watazamaji alikuwa analinganisha debe na pishi.

Sifa inastahili kutolewa hata hivyo. Kila kipimo kilitangazwa kwa maneno yanayoeleweka, na Desemba 2023 kampuni ilichapisha saa za kutazamwa kwa filamu na vipindi zaidi ya 18,000. Kuanzia mwaka 2025 Netflix haitangazi tena idadi ya wateja wake kila robo mwaka. Ni idadi hiyo hiyo iliyotikisa soko Aprili 2022, kampuni iliposema imepoteza wateja 200,000 na hisa zake zikaanguka kwa kiasi cha asilimia 35 katika siku moja. Idadi ya wateja ikiondolewa mezani, mwenye hisa anabaki na mapato na saa. Na saa hizo zinatoka wapi? Zinatoka kwenye taarifa ndogo ndogo ambazo kila programu hupeleka makao makuu kusema huyu amefikia hapa.

Juu ya taarifa hizo, wenye programu wana utetezi ambao ni haki kuusikiliza. Taarifa ikitumwa kila sekunde, watazamaji milioni moja kwa wakati mmoja wanazalisha taarifa milioni moja kwa sekunde. Ikitumwa kila sekunde kumi, ni laki moja. Tofauti hiyo ni gharama ya mitambo, na ni betri ya mteja. Kwa upande wa bando haina uzito: taarifa yenye baiti 500 kila sekunde kumi, kwa filamu ya saa mbili, haifiki hata nusu megabaiti, wakati filamu yenyewe inakula mamia. Lakini ikitumwa kwa kuchelewa sana, kuna kinachopotea. Simu za bei nafuu zina kumbukumbu ndogo, na Android huziua programu zilizoachwa nyuma bila kuziaga. Programu iliyongoja ifungwe ndipo iandike mahali ilipofikia, haitaandika. Mteja akirudi anakuta filamu imeanza upya, anatumia bando la pili kutafuta alipoachia, au anaacha kabisa. Programu nzuri huandika ndani ya simu kila baada ya sekunde chache, hutuma kwa mafungu mtandao ukiwepo, na hurudia kutuma lisilopokelewa bila kulihesabu mara mbili.

Hapa kuna jambo ambalo watangazaji wengi hawajalitilia maanani. Mtazamaji aliyepakua kipindi mjini kwa mtandao wa bure na kukitazama kijijini anaweza asionekane kwenye hesabu kwa siku kadhaa, au asionekane kabisa. Yule wa mjini mwenye mtandao mzuri anaonekana kila sekunde. Kampuni ya mbegu au ya pembejeo inayoambiwa kuwa watazamaji wake wote wako Dar es Salaam na Nairobi ichunguze kwanza kama wakulima hawatazami, au wanatazama ila programu haina subira ya kuwangoja.

Kuteleza kwa mstari peke yake hakujawahi kulipa gawio. Quibi ya Marekani ilikusanya dola bilioni 1.75, ikafungua milango Aprili 2020 ikiwa na programu iliyosifiwa kwa ufundi, ambayo mtazamaji aliweza kugeuza simu wima au ulalo na picha ikafuata bila kukatika. Tarehe 1 Desemba mwaka huo huo ilifungwa. Ufundi ulikuwepo, waliotaka kulipia hawakutosha. Kwa kulinganisha, wanaouza bando hupata fedha zao video itazamwe au iachwe ikicheza mezani, na megabaiti ni kitu kinachopimika. Mwekezaji mdogo aliyenunua Safaricom kwa sh. 5 ya Kenya mwaka 2008 au Vodacom Tanzania kwa sh. 850 mwaka 2017 alinunua biashara yenye kipimo cha namna hiyo, hata kama bei ya hisa ina mambo yake mengine.

Anayekaribishwa kuweka mtaji katika programu ya video aombe kuona maandishi yanayoeleza mtazamaji mmoja ni nani, dakika moja ni ipi, na lini maelezo hayo yalibadilishwa kwa mara ya mwisho. Kampuni isiyo na ukurasa mmoja wa namna hiyo haijui inachouza, hata kama maonyesho yake ya hotelini yanapendeza. Mtangazaji naye asisaini mkataba unaotaja "watazamaji" bila kutaja sekunde. Kuandika "waliotazama walau sekunde 15 mfululizo, bila kuhesabu muda ambao video ilikuwa imesimama" kunachukua mstari mmoja tu wa mkataba. Muuzaji akikataa mstari huo, bei ishuke.

Tena majaribio yapo ambayo hayahitaji fundi. Mwenye tangazo achukue simu mbili na saa ya mkononi, aombe tangazo lake lichezwe katika akaunti ya majaribio ambayo taarifa yake ataiona. Kwenye simu ya kwanza atazame sekunde kumi, azime mtandao, angoje video ikwame na kiduara kizunguke kwa dakika moja, kisha awashe tena na kumaliza. Kwenye ya pili avute kitone moja kwa moja hadi mwisho. Kesho yake alinganishe taarifa na daftari lake. Taarifa ikiiongezea simu ya kwanza ile dakika ya kiduara, au ikisema simu ya pili imepita robo, nusu na robo tatu, mazungumzo ya bei yaanze upya kabla ya fedha ya mwezi huo kulipwa.